Daraja la kenchi limevunjika: soma dalili kabla ya kuongeza vijiti

Daraja la vijiti likivunjika kwenye jaribio, wanafunzi wengi hurudi mezani na pakiti nyingine ya vijiti na kuvibandika kila penye nafasi. Daraja la pili huwa zito zaidi, na mara nyingi hubeba karibu sawa na la kwanza. Kosa liko kwenye swali walilojiuliza. Waliuliza "tuongeze wapi?" kabla ya kuuliza "kijiti kilichoanza kuvunjika kilikuwa kinavutwa au kinagandamizwa?"

Hakuna umbo linaloweza kuufuta mzigo. Ukining'iniza kilo 60 katikati ya daraja, kilo 60 zitafika kwenye nguzo mbili kwa njia yoyote ile. Uhuru wako ni kuamua nguvu ngapi zipite katika kila kijiti, na kijiti kinachogandamizwa kiwe kifupi kiasi gani. Ukishika hayo mawili, dalili nyingi zilizo hapa chini zitakuwa na maana.

Daraja tutakalotumia kama mfano

Nitatumia daraja moja mwongozo mzima ili namba zifuatane. Lina kenchi mbili (fremu za vijiti vilivyounganishwa kwa pembetatu) zilizosimama sambamba, na umbali kati ya nguzo ni milimita 420. Kila kenchi ina paneli 6 (nafasi kati ya kiungo na kiungo) za milimita 70 na kimo cha milimita 70. Vijiti ni vya aiskrimu vya kawaida: urefu milimita 114, upana 10, unene 2. Mzigo ni kilo 60 katikati, kwenye boriti ya chini, kwa hiyo kila kenchi inapokea takriban nyutoni 300, nami nitaandika 300 N. Kila nguzo inaisukuma juu kila kenchi kwa 150 N.

Tuanze na mpangilio wa Pratt, uliopewa hataza Marekani mwaka 1844: vijiti vya mshazari vinashuka kuelekea katikati. Nguvu kubwa kuliko zote iko kwenye boriti ya juu karibu na katikati, mgandamizo wa 450 N. Boriti ya chini pale katikati inavutwa kwa 300 N. Kila mshazari unavutwa kwa 212 N, na vijiti viwili vya wima, cha pili na cha nne, vinagandamizwa kwa 150 N kila kimoja. Vijiti vya mwisho vilivyoinama kutoka kwenye nguzo kwenda juu vinagandamizwa kwa 212 N.

Zingatia kwamba nguvu ya mzigo ni 300 N lakini boriti ya juu inapokea 450 N. Hiyo ndiyo bei ya daraja fupi kwa kimo. Nguvu kwenye boriti za juu na chini hupatikana kwa kugawanya momenti ya mzigo (nguvu ya kupinda, yaani nguvu mara umbali) kwa kimo cha kenchi, hivyo kimo kikipungua nusu, nguvu inakuwa maradufu.

Kabla ya dalili yoyote: jaribu kwa namna ya kuona

Ning'iniza ndoo na umimine mchanga taratibu. Weka simu moja ya kurekodi video ubavuni na nyingine mwishoni mwa daraja, ikitazama boriti za juu kwa urefu wake. Simu ya mwishoni ndiyo muhimu zaidi, na ndiyo watu huisahau. Daraja likishaporomoka, kila kitu kimevunjika na huwezi kujua kipi kilitangulia. Vipande vya sakafuni vinadanganya. Unatafuta tukio la kwanza tu. Yaliyofuata ni matokeo yake.

Dalili: boriti ya juu inabenuka kwa upande, kisha daraja linaanguka ghafla

Hii ndiyo dalili inayotokea zaidi, na ndiyo inayotatuliwa vibaya zaidi. Video ya mwishoni itaonyesha boriti ya juu ikianza kuchora upinde kuelekea nje au ndani. Hakuna mlio wa kukatika mpaka mwisho. Ukiokota kijiti baadaye unakuta mbao yenyewe haikuwa dhaifu.

Kinachotokea ni kwamba kijiti chembamba kinachogandamizwa hukimbia upande muda mrefu kabla mbao yake haijasagika. Leonhard Euler alilieleza hili kihesabu katika karne ya 18, na kanuni yake ina mambo mawili ya kushika. Urefu usioshikiliwa ukiongezeka mara mbili, uwezo unashuka hadi robo. Unene wa upande ule dhaifu ukiongezeka mara mbili, uwezo unapanda mara nane.

Tuweke namba. Kijiti kimoja kilichoshikiliwa kila milimita 70, kwa mbao yenye ugumu wa takriban gigapaskali 10, hubenuka kwenye kama 134 N. Boriti yetu inapokea 450 N, kwa hiyo kijiti kimoja hakina nafasi. Ukiweka viwili bega kwa bega bila gundi, au gundi kidogo kwenye ncha tu, kila kimoja kinapinda kivyake na unapata 268 N. Haitoshi bado. Ukivipaka gundi uso mzima na kuvibana mpaka vikauke, vinakuwa kijiti kimoja chenye unene wa milimita 4, na uwezo unafika kama 1,070 N. Idadi ya vijiti ni ile ile. Tofauti yote imetoka kwenye gundi ya katikati.

Lakini hapo kuna sharti: "iliyoshikiliwa kila milimita 70". Nani anaishikilia? Kwa upande wa juu na chini, vijiti vya wima na mishazari vinafanya kazi hiyo, na pia kijiti kimesimama kwa upana wake wa milimita 10. Kwa upande wa nje na ndani, hakuna anayeishikilia isipokuwa vijiti vya kukingama vinavyounganisha kenchi moja na nyingine huko juu. Ukiviweka kwenye ncha mbili tu, urefu usioshikiliwa ni milimita 280, na ule uwezo wa 1,070 N unaporomoka hadi kama 67 N. Ukiviweka kiungo kimoja ndiyo kimoja hapana, unapata 268 N. Inabidi kila kiungo cha juu kipate kijiti cha kukingama, pamoja na mishazari michache iliyolala juu, ili kenchi zote mbili zisiegemee upande mmoja kwa pamoja.

Vijiti hivyo vya kukingama havionekani kwenye hesabu ya kawaida ya kenchi. Ukichora daraja kwa ubavu kwenye karatasi, havipo kabisa. Ndiyo maana wanafunzi wenye hesabu safi huvipunguza kuokoa uzito, na ndiyo maana nasisitiza: hapa usiokoe.

Dalili: vijiti vya ndani ndivyo vinavyopinda

Kwanza jua kipi kinavutwa na kipi kinagandamizwa. Njia ya haraka ni kuwaza kwamba umekitoa kijiti na kuweka uzi mahali pake. Uzi huweza kuvuta lakini hauwezi kusukuma. Kama daraja lingesimama na uzi, kijiti hicho kinavutwa. Kama uzi ungelegea na daraja kuanguka, kinagandamizwa.

Kama mishazari ndiyo imepinda, yamkini umeigeuza bila kujua. Mishazari inayopanda kuelekea katikati ni mpangilio wa Howe, wa mwaka 1840, na humo mishazari hugandamizwa huku vijiti vya wima vikivutwa. Howe hakukosea, kwake vijiti vya wima vilikuwa fito za chuma na mishazari ilikuwa mbao nene, na kila kimoja kilifanya kazi kinayoiweza. Kwenye daraja letu la vijiti vyembamba, mshazari wa milimita 99 unaopokea mgandamizo wa 212 N unahitaji kufanywa wa vijiti viwili, kwa kuwa kimoja hubenuka kwenye kama 67 N. Pratt inaweka mgandamizo kwenye vijiti vifupi vya wima na kuacha virefu vya ndani vivutwe. Kwa vifaa hivi ningechagua Pratt.

Hata hivyo Howe ina faida moja ambayo haisemwi mara nyingi: kwa mzigo huu huu, boriti yake ya juu inapokea 300 N na ya chini 450 N, kinyume cha Pratt. Kama boriti yako ya juu ndiyo inayokushinda na huna nafasi ya vijiti vya kukingama, inafaa kulifikiria.

Kama vijiti vya wima ndivyo vimepinda kwenye Pratt, rudi kwenye namba. Kijiti kimoja cha milimita 70 kinaweza 134 N, na kinadaiwa 150 N. Kinakosa kidogo tu, na ndiyo sababu madaraja mengi hupasuka hapo hapo baada ya kuonekana imara. Fanya cha pili na cha nne viwe vya vijiti viwili. Cha kwanza, cha tatu na cha tano havibebi kitu chochote mzigo ukiwa chini katikati, kwa hiyo kimoja kinatosha. Lakini mzigo ukihamishiwa juu ya boriti ya juu, kile cha katikati kinapokea 300 N zote. Soma masharti ya jaribio kabla ya kukata.

Dalili: vijiti vizima, viungo vimeachia

Ukiokota vipande na vijiti vyote viko sawa, basi daraja lako lilikuwa na nguvu ambayo viungo havikuweza kuipitisha.

Kijiti cha aiskrimu kikivutwa kwa urefu wa nyuzi zake kina nguvu kubwa kuliko tunavyohitaji hapa. Kiungo ndicho dhaifu, hasa pale vijiti viwili vinapokatizana, kwa sababu gundi inashika eneo dogo na nyuzi za mbao zimepishana. Tazama uso ulioachia. Ukiwa unang'aa na hauna nyuzi, gundi haikushika: uso haukupigwa msasa, au kiungo kilitikiswa kabla ya kukauka. Vibanio vya nguo ni vifaa bora kabisa kwa kazi hii. Bana kila kiungo na uache usiku mzima, na kwa anayejenga pwani wakati wa masika, ongeza siku ya pili, kwa sababu gundi ya maji hukauka taratibu kwenye unyevu. Ukiwa uso una nyuzi zilizong'oka, gundi ilifanya kazi yake na mbao ndiyo iliyochanika. Hapo ongeza eneo: kata vipande vya kadibodi ngumu au plaiwudi nyembamba, uvibandike pande zote mbili za kiungo kama pleti.

Pleti zina historia nzito. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la barabara kuu ya I-35W huko Minneapolis, Marekani, lilianguka kwenye Mto Mississippi wakati wa msongamano wa jioni. Watu 13 walikufa na 145 walijeruhiwa. Lilikuwa daraja la kenchi za chuma lililofunguliwa mwaka 1967. Uchunguzi ulikuta kwamba pleti za kiungo kilichoitwa U10 zilikuwa na unene wa nusu inchi, karibu nusu ya unene uliotakiwa, na kosa hilo lilikuwamo tangu kwenye usanifu. Siku ile kulikuwa na ukarabati, na juu ya daraja kulirundikwa mchanga, kokoto na mitambo. Picha zilizopigwa mwaka 2003 tayari zilionyesha pleti za U10 zimebonyea. Wakaguzi walikuwa wakitafuta kutu na nyufa, na dalili ilikuwa mbele ya macho yao kwa miaka isiyopungua minne.

Jambo jingine la viungo: mistari ya katikati ya vijiti vyote vinavyokutana ikutane kwenye nukta moja. Chora daraja kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi, kisha ujenge juu ya mchoro. Mshazari ukiingia sentimita moja pembeni ya kiungo, unaipinda boriti badala ya kuivuta, na hesabu yako yote haimhusu tena mtu yeyote.

Dalili: boriti ya chini imekatika

Angalia ni wapi. Ikikatika katikati ya paneli, mbali na kiungo, mzigo ulikuwa umening'inizwa kati ya viungo. Kenchi imepangwa kupokea mzigo kwenye viungo tu. Weka kijiti imara cha kukingama chini, kutoka kiungo cha kenchi moja hadi kiungo cha nyingine, na uning'inize ndoo hapo. Ikikatika pale ulipounganisha kijiti na kijiti, umeunganisha vijiti vyote vya tabaka mbili mahali pamoja. Maungio ya tabaka moja na jingine yapishane, na yawe machache kadiri unavyoweza kwenye paneli mbili za katikati. Kijiti cha milimita 114 kinavuka paneli moja na nusu, kwa hiyo kuyapishanisha kunawezekana.

Na uvichague vijiti. Pinda kila kimoja taratibu kwa vidole. Vyenye nyuzi zinazokwenda mshazari au alama nyeusi, tumia kwa kukingama.

Dalili: paneli inalala kama mlango uliolegea bawaba

Kuna paneli ya mstatili isiyo na mshazari, au mshazari wake umeachia. Pembetatu haiwezi kubadili umbo bila kijiti kuvunjika au kurefuka, mstatili unaweza. Kagua hivi: hesabu viungo vya kenchi moja, zidisha kwa 2, toa 3. Kenchi yetu ina viungo 12, kwa hiyo inahitaji vijiti 21. Ukihesabu 20, kuna pahali pamelegea hata kama hupaoni.

Dalili: daraja linajisokota

Kona moja haijakaa vizuri kwenye meza, au kenchi moja ni fupi kuliko nyingine kwa milimita chache. Kenchi moja inapokea mzigo zaidi na kuvunjika mapema. Liweke juu ya kioo au kigae na ulisukume kila kona. Likicheza, sawazisha miguu kwa msasa kabla ya jaribio. Kama limekaa vizuri na bado linajisokota, hakuna mishazari ya kulala kati ya kenchi mbili.

Dalili: halivunjiki, ila linabonyea kupita kiasi

Hapa shida ni kimo. Kwa madaraja mengi halisi kimo huwa kati ya sehemu moja ya 5 na moja ya 10 ya urefu. Letu liko kwenye moja ya 6. Kupandisha kimo kunapunguza nguvu kwenye boriti zote mbili, lakini kuna gharama. Ukiacha paneli za milimita 70 na kupandisha kimo hadi 105, boriti ya juu inashuka kutoka 450 N hadi 300 N. Vizuri sana, ila mshazari sasa unahitaji milimita 126, na kijiti hakifiki. Badala yake weka paneli 8 za milimita 52.5 na kimo cha 90. Mshazari unakuwa milimita 104, kijiti kinatosha, boriti inapokea 350 N na mshazari 174 N. Vijiti vya wima vimerefuka, kwa hiyo vile vinavyogandamizwa lazima viwe vya vijiti viwili, na una viungo zaidi vya kupaka gundi. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko lenye faida kubwa kuliko yote katika daraja hili.

Wahandisi wa jeshi walitumia wazo hili hili kwenye madaraja ya Bailey, yaliyobuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Paneli zake za chuma zina urefu wa futi 10. Mzigo ukizidi, huongezwa kenchi ubavuni, na ikihitajika hupandishwa paneli nyingine juu, daraja likawa la ghorofa mbili.

Dalili: umejenga kenchi sahihi, lakini boriti ya chini ndiyo inayobenuka

Angalia daraja limeshikiliwa wapi. Yote niliyosema kuhusu juu kugandamizwa na chini kuvutwa ni ya daraja linalolala juu ya nguzo mbili za mwisho. Mkono wa daraja ukichomoza mbele ya nguzo bila kushikiliwa upande wa pili, mambo yanageuka: juu kunavutwa, chini kunagandamizwa. Vivyo hivyo kwa daraja linalopita juu ya nguzo ya katikati, pale karibu na nguzo hiyo.

Daraja la Quebec, Kanada, lilikuwa la mikono ya namna hiyo. Urefu wake wa kati uliongezwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800, lakini uzito wake lenyewe haukuhesabiwa upya mapema. Mwezi Agosti 1907 boriti za chini karibu na nguzo zilianza kubenuka. Moja ilipinda kwa zaidi ya inchi 2, ingawa muda mfupi kabla ilikuwa imepinda kwa chini ya inchi moja. Mhandisi kijana wa pale, Norman McLure, alisafiri hadi New York kumweleza mshauri mkuu, Theodore Cooper. Agosti 29 daraja lilianguka na watu 75 wakafa. Boriti zile zilikuwa zinafanya kile kile kinachofanywa na kijiti chako kwenye video ya mwishoni.

Dalili: ncha za daraja zinasagika au kupasuka juu ya meza

Nguzo lazima iwe chini ya kiungo cha mwisho kabisa. Ikiingia ndani kwa sentimita mbili, boriti ya chini inapindwa juu na hupasuka kwa urefu wa nyuzi. Bandika kipande cha plaiwudi chini ya kila kiungo cha mwisho, uache upande mmoja uteleze kidogo, kisha upime tena umbali kati ya nguzo. Na kama unajenga kivuko cha mbao ambacho watu watapita kwa miguu, mchoro na hesabu zake zipitiwe na mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kununua mbao.